Ulingo na Ua: Ulinzi wa Mazao dhidi ya Wanyamapori katika Historia ya Handeni na Korogwe

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili wa leo akisikia neno ulingo hufikiri kwanza juu ya ndondi, kisha juu ya siasa. Magazeti huandika kwamba mgombea fulani ameingia ulingoni, au kwamba ulingo wa siasa umechafuka. Katika kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, hata hivyo, ulingo ni jukwaa la miti linalojengwa shambani. Mlinzi hukaa juu yake ili aone mbali na kufukuza ndege na wanyama wanaokula mazao. Neno limehama kutoka shambani kwenda mjini, na wengi wanaolitumia hawakumbuki tena lilikotoka.

Mhadhara huu unaichukua safari hiyo ya neno moja kuwa mlango wa kuingilia katika historia ya nchi mbili zinazopakana, Handeni na Korogwe, katika Mkoa wa Tanga. Handeni ni sehemu kubwa ya nchi ya Wazigua, upande wa kusini wa mto Pangani; mwaka 2002 eneo lake la magharibi, lenye milima ya Nguu, lilifanywa wilaya ya Kilindi. Korogwe iko kando ya mto huohuo, chini ya milima ya Usambara, pamoja na baadhi ya miinuko ya milima hiyo kama vile Bungu. Ni nchi ya mahindi, muhogo, ndizi, machungwa na mkonge. Ni nchi ya nguruwe mwitu, nyani, tumbili na nungu pia, na karibu na maji ni nchi ya viboko.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika nchi hizi kulinda bustani dhidi ya wanyama hakukuwa kamwe jambo la mwenye bustani peke yake. Ua wa mtu mmoja ulitegemea kusafishwa kwa pori linalouzunguka; usafi wa pori ulitegemea wingi wa mikono; na mikono ilitegemea nani anatawala na kwa masharti gani. Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kumwua mnyama aliyeingia shambani limekuwa, tangu simulizi za kale hadi sheria za karne hii, swali la mamlaka. Ulingo wa shamba na ulingo wa utawala vilikuwa karibu kuliko inavyodhaniwa.

Msamiati wa ulinzi

Kiswahili kina msamiati mpana wa kazi hii, na sehemu kubwa ya msamiati huo inapotea. Kuna kitenzi kuamia, maana yake kulinda shamba kwa kufukuza ndege na wanyama. Kuna dungu, yaani kibanda cha mlinzi kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kuna teo, ambalo wengine huliita kombeo, la kurushia mawe. Kuna rima, shimo linalochimbwa na kufunikwa kwa majani ili mnyama mkubwa atumbukie, na kuna tanzi la kunasia mnyama mdogo. Mwanafunzi anayesoma maneno haya katika kamusi huyaona kama vitu vya makumbusho. Kwa mkulima ni orodha ya kazi za usiku na za mchana.

Neno kitalu linastahili kutazamwa peke yake. Siku hizi kitalu ni mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuihamishia shambani. Katika matumizi ya zamani ya pwani, kitalu kilikuwa ukuta au ua wa mawe, na kwa upanuzi wa maana kikawa kiwanja au bustani iliyozungushiwa ukuta huo. Maana ya kizuizi ilitangulia, na maana ya mimea ikafuata. Neno bustani, lililofika katika Kiswahili kutoka Kiajemi, linataja uzuri na harufu ya mahali. Kitalu linataja sharti la mahali hapo kuwapo. Mboga na matunda havipandwi kwanza kisha vikazungushiwa ua. Ua ndio unaoamua kama kutakuwa na mboga.

Lugha imehifadhi pia hekima ya wakulima kuhusu wezi wao. Methali inayoonya dhidi ya kumpelekea nyani kesi ya ngedere hutumiwa leo mahakamani na katika mikutano ya vyama. Nguvu yake inatoka shambani: wote wawili huiba mahindi yaleyale, na mmoja hawezi kumhukumu mwenzake. Anayeitumia methali hiyo, awe anajua au hajui, anazungumza kama mtu aliyewahi kupoteza mavuno.

Mbegha na nguruwe

Ushahidi mkubwa wa kimaandishi juu ya uhusiano wa mazao, wanyama na utawala katika eneo hili umo katika Kiswahili chenyewe. Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, ni miongoni mwa kazi kubwa za mwanzo za nathari ya Kiswahili. Kilichapishwa kwa sehemu na mitambo ya misheni ya UMCA huko Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha kikatolewa upya Nairobi mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Mwandishi alipata kukaa na Semboja, mtawala wa Mazinde, mahali palipo leo katika wilaya ya Korogwe, na aliwafahamu kwa karibu watu ambao habari zao alizikusanya.

Kiini cha sehemu ya kwanza ya kitabu ni habari za Mbegha. Alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kwanza. Alikuwa, kwa lugha ya pwani, kigego, mtoto wa nuksi. Ndugu zake walimnyima urithi, naye akaondoka akaenda Kilindi, ambako alifanya urafiki na mwana wa mtawala. Kijana huyo alipokufa katika mawindo, Mbegha alikimbia pamoja na mbwa wake na mikuki yake, akapita porini hadi akapanda milima ya Usambara. Huko alikuta wakulima wanaosumbuliwa na nguruwe. Aliwaua nguruwe hao, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani mwao. Sifa zake zikaenea kutoka kijiji hadi kijiji. Akaamua magomvi yao, akaoa kwao, akaua simba, na mwishowe akatawazwa Vugha. Watawala wa ukoo wake walibeba jina la Simba.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, alionyesha jinsi simulizi hii ilivyopangwa kwa jozi za mambo yanayopingana: nyama na vyakula vya shamba, pori na makazi, mgeni na mwenyeji. Kwa uchambuzi huo si lazima kwanza ithibitishwe kwamba kila tukio lilitokea kama linavyosimuliwa. Inatosha kuuliza ni jambo gani wasimulizi na wasikilizaji waliliona kuwa sababu ya kuaminika ya watu kumpa mgeni utawala. Jibu la simulizi ni wazi: aliwaondolea nguruwe mashambani. Simulizi haimtawazi Mbegha kwa sababu ya fedha, dini au nasaba. Inamtawaza mtu ambaye palipokuwa na yeye, mahindi na ndizi vilifika jikoni.

Jambo moja katika kitabu hicho halijatiliwa mkazo wa kutosha. Mwandishi alikuwa Mwislamu, na nguruwe kwa Mwislamu ni haramu. Hata hivyo aliiandika habari ya mwanzilishi wa ufalme ambaye umaarufu wake ulitokana na nguruwe, bila kuificha na bila kuigeuza. Ni uaminifu wa mwandishi wa historia. Lakini habari hiyo inafungua suala la kiuchumi pia. Katika simulizi ya Mbegha nyama ndiyo malipo ya kazi ya ulinzi: mwindaji anawinda kwa sababu nyama ina wapokeaji. Uislamu ulipoenea katika Uzigua, nguruwe aliyeuawa alibaki adui aliyekufa tu, wala hakuwa tena kitoweo kwa watu wengi. Gharama ya kumwua ikabaki ileile, na malipo yake yakapungua.

Nchi iliyosafishwa

Kazi ya Mbegha haikutosha peke yake, wala haiwezi kuchukuliwa kuwa maelezo kamili ya ulinzi wa mazao. Mwindaji humwua nguruwe mmoja. Mazingira ndiyo yanayoamua kama nguruwe kumi wengine watakuja. Nguruwe mwitu hulala mchana katika vichaka vizito na hutoka usiku. Nyani hutoka mchana, lakini naye hupenda kuwa karibu na miti au miamba ya kukimbilia. Shamba lililozungukwa na mashamba mengine, njia, malisho na uwanda uliochomwa moto kwa wakati wake lina maadui wachache. Shamba lililo peke yake ukingoni mwa kichaka lina maadui pande zote.

James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya siasa za udhibiti wa mazingira kaskazini mashariki mwa Tanzania, aliichunguza Handeni kwa mtazamo huu. Alieleza jinsi jamii za Uzigua katika karne ya 19 zilivyoyadhibiti mazingira yao kwa kulima, kuchoma nyasi, kuchunga mifugo na kuishi pamoja. Kufyeka na kuchoma kulipunguza vichaka vinavyohifadhi mbung'o na kupe, na kwa hiyo ng'ombe waliweza kuishi. Uangalizi huo ulitegemea watu mashuhuri na viongozi waliokuwa na akiba ya chakula. Wakati wa ukame waliwalisha wafuasi wao, na kwa hiyo watu hawakutawanyika. Kijiji kilichobaki na watu wake kilibaki na mashamba yake, na mashamba yakalisukuma pori mbali.

Washambaa wa milimani walilitaja jambo hili kwa maneno yao. Feierman, katika kitabu chake kingine cha mwaka 1990, alieleza wazo la kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake, kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mtawala mwenye nguvu zisizo na mpinzani aliweza kuleta mvua na shibe. Watawala waliogombana kwa nguvu sawa walileta njaa. Msomi wa leo anaweza kuliona hili kama imani tu. Kwa upande wa bustani, hata hivyo, lina maana ya kawaida kabisa. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, vita vya kugombea urithi viliwafanya watu wakimbie mashamba yao, na shamba lililokimbiwa halihitaji laana ili liliwe na nguruwe.

Njaa na pori linalorudi

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo mengi yalitokea kwa mfululizo. Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuangamiza ng'ombe, pamoja na wanyamapori wengi. Ukame na nzige vilifuata, na eneo la nyuma ya pwani ya Tanga likapata njaa kali katikati ya muongo huo na tena mwishoni mwake. Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuvunja upinzani wa pwani, pamoja na ule wa Bwana Heri wa Saadani, na kuanza kujenga utawala wao.

Helge Kjekshus, aliyeandika mwaka 1977, na kabla yake John Ford, aliyeandika mwaka 1971 juu ya nafasi ya nagana na malale katika mazingira ya Afrika, waliupinga mtazamo wa kikoloni uliolichukulia pori la Tanganyika kuwa hali ya asili ambayo Waafrika walishindwa kuishinda. Kwao, pori jingi lililoonekana na maofisa wa karne ya 20 lilikuwa pori lililorudi. Sotoka iliua pia wanyama wa porini, lakini vichaka viliota upesi kuliko watu na ng'ombe walivyoongezeka, na wanyama walipoongezeka tena walikuta makao tayari. Baadhi ya wanahistoria wamesema kwamba Kjekshus alizidisha uzuri wa hali iliyotangulia ukoloni, na ukosoaji huo una haki yake. Njaa ziliijua Uzigua kabla ya Mjerumani. Giblin mwenyewe hakusema kwamba njaa zilianza na ukoloni. Alisema kwamba ukoloni uliwaondoa watu waliokuwa na uwezo na wajibu wa kuwakusanya wengine baada ya njaa.

Katika hali hiyo sheria za uwindaji ziliingia. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji na kutenga maeneo ya kwanza ya hifadhi, na amri nyingine zikafuata kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walianzisha idara ya wanyamapori mwaka 1919 chini ya Charles Swynnerton, na mwaka 1921 wakatunga sheria yao ya hifadhi ya wanyama. Hata pale ambapo serikali ilimhesabu nguruwe au nyani kuwa mharibifu wa kuuawa, zana za kumwulia zilikuwa jambo jingine. Bunduki na baruti vilidhibitiwa, na uwindaji wa pamoja wa watu wengi, wenye nyavu na moto, ulitiliwa shaka. Mkulima angeweza kuwa na ruhusa bila kuwa na njia.

Mkonge na mikono iliyoondoka

Korogwe ya karne ya 20 ilijengwa na reli na mkonge. Reli ya Usambara kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mkonge, ulioletwa katika koloni na Richard Hindorf mwanzoni mwa miaka ya 1890, ulienea katika bonde la Pangani, na majina ya mashamba kama Magunga, Ngombezi na Mazinde yakawa majina ya miji midogo. Mashamba hayo yalihitaji vibarua wengi. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ulianzishwa mfumo wa kadi uliomlazimu mwanamume kuwafanyia kazi Wazungu siku 30 katika kila miezi minne.

Siku 30 zinaonekana chache katika daftari la afisa. Mahindi, hata hivyo, hayaliwi siku zote kwa kiasi kilekile. Wiki za hatari ni chache: mbegu inapochipua, muhindi unapoanza kuwa na maziwa, na punje zinapokomaa. Mwanamume aliyekuwa kazini katika wiki hizo alikosekana wakati ambapo kukosekana kwake kulikuwa na gharama kubwa kuliko wakati wowote mwingine. Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997 juu ya Uzaramo, kusini ya Uzigua, alionyesha uhusiano wa jambo hili na njaa, na hata na Vita vya Majimaji: wanaume walipoondoka na uwindaji ulipodhoofika, wanawake waliachwa kupambana na nguruwe peke yao, na nguruwe wakashinda.

Hapa ndipo historia ya mazao inapokuwa historia ya usingizi. Nguruwe huja usiku na nyani huja mchana. Kwa hiyo shamba lenye maadui wote wawili linahitaji zamu mbili. Nyumba yenye mume, mke, wazee na vijana inaweza kuzigawana. Nyumba iliyobaki na mama na watoto haiwezi, ila kwa mama kukesha na mtoto kushinda shambani. Wakulima wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki husimulia kwamba nyani humtambua mwenye silaha, na kwamba hawamwogopi mwanamke au mtoto kama wanavyomwogopa mwanamume. Mtoto aliyepanda ulingoni asubuhi hakwenda shuleni siku hiyo. Hasara ya nguruwe ilihesabiwa kwa magunia. Hasara ya nyani ilifika pia katika daftari la mahudhurio.

Vijiji na shamba la mbali

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mkoa wa Tanga ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa kwa makini kuhusu vijiji vya ujamaa. Kitabu cha Michaela von Freyhold cha mwaka 1979, kinachotumia mifano ya mkoa huo pamoja na Handeni, bado ni rejeo la lazima. Kati ya mwaka 1973 na 1976 kuhamia vijijini kulikuwa kwa lazima nchini kote. Lengo lilikuwa kuwaleta watu karibu na shule, zahanati na maji, na lilikuwa na manufaa yake.

Kwa upande wa ulinzi wa mazao, kukusanyika kwa nyumba kulikuwa na pande mbili. Karibu na kijiji, wingi wa watu uliwafukuza wanyama. Lakini mashamba ya zamani sasa yalikuwa mbali na nyumba, na mlinzi alilazimika ama kulala dunguni huko, ama kuyaacha. Kabla ya hapo moshi wa jiko, kubweka kwa mbwa na sauti za watoto vilikuwa sehemu ya ua bila mtu kuvipanga. Shamba lililotenganishwa na nyumba lilipoteza walinzi ambao hakuna mpangaji aliyewahesabu. Kjekshus, akizungumzia sera hiyo mwaka 1977, alikuwa tayari ameonya kwamba upangaji wa vijiji ulihitaji kuzingatia mazingira. Ilikuwa hoja ileile ya kitabu chake cha historia, ikitumika kwa wakati wake mwenyewe.

Kifuta jasho

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Tamko hilo lina mantiki ya kihifadhi, na linaendeleza msimamo uliokuwapo tangu zamani. Kwa mkulima lina tokeo la ajabu. Mbuzi wa jirani akila mchicha, jirani hulipa. Mnyama wa porini akila mchicha, mwenye mnyama ni watu wote, na mmoja wao ni mwenye mchicha mwenyewe.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2011 chini ya sheria hiyo ziliweka malipo kwa madhara ya wanyama wa hatari. Kwa Kiswahili malipo ya mazao yameitwa kifuta jasho, na ya kifo au jeraha yameitwa kifuta machozi. Istilahi hizi zinastahili uangalifu wa wanaisimu. Fidia hurejesha thamani ya kilichopotea; kifuta jasho ni kitambaa tu, hupangusa uso wa mtu aliyechoka bila kudai kwamba kazi yake imelipwa. Walioziunda walichagua maneno ya kweli: hayaahidi zaidi ya yanavyotoa. Tena, kanuni zenyewe kwa jina lake zinahusu wanyama wa hatari. Historia ya Handeni na Korogwe inaonyesha kwamba anayemaliza chakula mara kwa mara si lazima awe yule anayeua watu. Tembo hula shamba usiku mmoja na habari zake hufika gazetini. Tumbili hula bustani kwa mwaka mzima, na hakuna anayeandika.

Sheria haijamfunga mkulima mikono yote, kwani inatambua kujitetea kwa ajili ya maisha na mali kwa masharti yake. Aidha, uhifadhi si mchezo wa watu wa mbali. Hifadhi za Mkomazi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na Saadani ziko pande mbili za eneo hili, na zina thamani kwa taifa. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia Msomera, wilayani Handeni, familia kutoka Ngorongoro, uhamisho uliozua mjadala mkubwa ndani na nje ya nchi. Kwa mwanahistoria wa mazao kuna jambo la kuzingatia: watu waliotoka katika eneo la wanyama walipewa makao na mashamba katika nchi ambayo historia yake nzima ni ya kusukumana na pori.

Bustani ya nyumbani

Katika mabadiliko yote haya bustani ndogo ya nyumbani imedumu. Ni mahali pa migomba michache, mipapai, mwembe au mchungwa, na chini yake mchicha, bamia, nyanya na maboga. Imedumu kwa sababu ndiyo sehemu ya shamba ambayo haikutenganishwa na jiko. Maji ya kuoshea vyombo huinywesha, majivu hutupwa humo, na anayepika huiona bila kuacha kupika. Ulinzi wake haumwondoi mtu katika kazi nyingine.

Ua wake ni wa mimea mara nyingi kuliko wa mawe. Mnyaa hupandwa kwa vipande vya matawi, na utomvu wake mkali humfanya mnyama aupe kisogo. Katika bonde la Korogwe mkonge wenyewe, uliowaondoa wanaume mashambani kwao, hupandwa kwa safu kuzunguka viwanja, na miiba ya ncha za majani yake huwazuia wanyama wakubwa kupita. Nungu huchimba chini ya ua akifuata muhogo, na kwa hiyo mawe au magogo hupangwa chini. Tumbili hupita juu, na dhidi yake hakuna ua unaotosha isipokuwa mbwa na mtu. Mkulima mwenye busara huiweka mimea inayopendwa sana karibu na mlango, na ile inayochukiwa na wanyama, kama vile pilipili, ukingoni.

Siku hizi mbinu nyingine zimeongezwa. Kamba zilizopakwa mchanganyiko wa pilipili na oili chafu zimetumika sehemu mbalimbali za Tanzania dhidi ya tembo. Nchini Kenya, karibu na Tsavo, ua wa mizinga ya nyuki uliofanyiwa utafiti na Lucy King umeonyesha kwamba tembo huogopa nyuki, na kwamba mwenye shamba hupata asali juu ya mavuno. Kwa mtazamo wa historia iliyoelezwa hapa, thamani ya ua wa mizinga haiko katika upya wake tu. Unairudisha kanuni iliyokuwa katika simulizi ya Mbegha, kwamba ulinzi hudumu pale unapomlipa mlinzi. Nyama ya nguruwe ilimlipa mwindaji. Asali humlipa mfugaji wa nyuki. Kukesha peke yake hakumlipi mtu.

Hitimisho

Historia ya Handeni na Korogwe haimwonyeshi mkulima aliyeishi kwa amani na wanyama, wala mkulima aliyewamaliza. Inamwonyesha mtu aliyejadiliana na pori kwa kutumia watu wengine: jirani anayefyeka upande wa pili, kiongozi mwenye akiba, mwindaji mwenye mbwa, mtoto mwenye teo. Wakati wowote mmoja wa hao alipoondolewa, iwe kwa njaa, kwa kadi ya kazi, kwa sheria au kwa ramani ya kijiji, kazi yake ilimwangukia aliyebaki, na mara nyingi aliyebaki alikuwa mwanamke.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuyakusanya maneno ya ulinzi wa mazao, ya Kiswahili, Kizigua na Kishambaa, kutoka kwa wazee ambao bado wanayatumia kwa maana yake ya kwanza, kabla hayajabaki katika kamusi peke yake. Ya pili ni kuisoma tena nathari ya zamani kama Habari za Wakilindi si kwa ajili ya majina ya wafalme tu, bali kwa ajili ya nguruwe waliomo humo.

Bado wako watu ambao kwao ulingo ni miti minne, sakafu ya fito na paa la nyasi. Hukaa juu yake mahindi yanapokaribia kukomaa, wakisikiliza upande wa kichaka. Simulizi ya Usambara ilikwisha kuamua wanachodaiwa na yule anayeomba kuwatawala: kwanza na aulizwe atafanya nini juu ya nguruwe.